Toleo la Tatu la Kilimia

Shinyanga, 14 Februari 1996

Dada Zipora,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshapona ile homa, na shemeji Thobias na Blessing wawe hawajambo. Mimi mzima. Baba ameandika kutoka Ushetu kwamba tumbaku imestawi ila mvua imezidi, na mama anauliza kwa nini hujampelekea kitenge ulichomwahidi. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kukusingizia kazi nyingi.

Sasa jambo lenyewe. Kilimia imetoka.

Sikukuandikia mapema kwa kuogopa kwamba mzee Narendra atabadili mawazo. Unakumbuka likizo ya Juni, mpwa wake Ankit alipotuonyesha zile karata za michoro alizokuja nazo kutoka Uingereza, nasi tukajifungia kwangu siku tatu tukitengeneza za kwetu? Wewe ndiye uliyesema, "Kwa nini huko nyotani wasiende watu wa kwetu?" Ukawaandika watu wa mwaka 2190 waliohamia kwenye kundi la nyota la Kilimia na ng'ombe wao: Wachunga upande mmoja, Wachimba upande wa pili, na katikati nyota moja tu yenye barafu, kila upande ukitaka kujaza kisima chake. Basi ile michoro nilimpelekea mzee pale kwenye kiwanda chake cha uchapaji nikidhani atanicheka mbele ya mafundi wenzangu. Akaishika moja moja. Akaniuliza, "Huyu anakamua ng'ombe, mbona maziwa yanapanda juu?"

Nikamwambia, "Dada yangu ni mwalimu wa sayansi. Anasema huko vitu havina uzito."

Akasema, "Tuchape."

Karata arobaini, dada, kwa rangi nne. Kila pakiti ina karata nane na mnunuzi hajui atapata zipi mpaka afungue. Ziliuzwa kwenye duka la Gulnaz karibu na soko, na Gulnaz analalamika kwamba watu wanazibadilishana mlangoni kwake na kuzuia wateja wa sukari. Pakiti zote zimekwisha kwa siku tisa. Tunachapa tena. Nilikuwekea kumi na mbili, nakutumia kwa kondakta wa basi la Geita. Usiwape bure watu wote.

Mdogo wako,
Ignas


Nyarugusu, 9 Machi 1996

Mdogo wangu Ignas,

Marahaba. Homa imeniacha, imemshika Thobias. Blessing ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Kitenge cha mama nimeshampa mtu anayekwenda Kahama, kwa hiyo kazi yako ya kunisingizia imekwisha.

Pakiti zako zilifika kumi na moja. Ya kumi na mbili alibaki nayo kondakta, na nilipomuuliza alinijibu bila haya kwamba alikuwa anamtafuta Nahodha wa Wachunga.

Huku machimboni mambo niliyoyaona sikuyategemea. Nilidhani karata zitapendwa na wanafunzi wangu, na kweli wanazipenda, lakini waliozivamia ni wachimbaji. Wakitoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wanakaa juu ya mawe wanayosubiri kuyaponda, wanapanga karata kwenye karai lililogeuzwa. Yuko mmoja anaitwa Donatus. Aliangukiwa na mwamba mwaka juzi, mguu haukunjiki tena, akawa hana kazi ila kukaa. Sasa huyo ndiye mwamuzi wa Nyarugusu nzima. Watu wakibishana wanamfuata yeye, naye akishindwa ananifuata mimi. Jana alinisimamisha sokoni: "Mwalimu, Mganga wa Mitambo akitengeneza chombo kilichokwisha kufa, je, waliokuwa ndani wanafufuka?"

Sikuwahi kufikiria. Nikamwambia hapana, chombo kinapona, watu hawaponi. Alitikisa kichwa akasema, "Ndivyo ilivyo hata huku."

Mwambie mzee Narendra asante, wabeja sana. Na wewe lala, najua ukipata kazi unayoipenda unasahau kula.

Dada yako,
Zipora


Shinyanga, 2 Juni 1996

Dada Zipora,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Mama alipata kitenge, anasema rangi siyo aliyoitaka ila anakivaa kila Jumapili.

Toleo la pili limeuzwa mpaka Mwanza. Kahama wanacheza kwenye stendi, na kuna mtu Tabora ameandika kwa mkono kurasa sita akilalamika kwamba Wachimba wana nguvu kupita kiasi. Mzee alizisoma zote kwa sauti mbele ya mke wake, mama Bhanumati, kama anayesoma Gita, kitabu chao kitakatifu.

Ila tumegombana kidogo. Alitaka nyuma ya kila karata tuweke tangazo la biskuti za ndugu yake. Nikakataa. Nikamwambia nyuma kuna anga na zile nyota, na chini majina yetu: Maneno, Z. Lugembe, Michoro, I. Lugembe. Alininunia wiki nzima, kisha akaacha. Nafahamu utasema mimi ni mbishi. Lakini ukikubali biskuti leo, kesho ng'ombe wa nyotani atakuwa anakula biskuti.

Sasa anataka la tatu, na anataka liwe la mwisho wa hadithi, vita vya maji viishe. Niletee maneno kabla ya katikati ya Julai. Karata zitoke Septemba.

Ignas


Nyarugusu, 30 Juni 1996

Ignas,

Marahaba. Nyumbani salama. Shuleni pia salama. Siku hizi nafundisha darasa la pili, wadogo wadogo, wananipa raha.

Haya ndiyo maneno yote arobaini, kwenye daftari la mistari. Ya mwanzo thelathini na tisa yasome utakavyo, lakini ya arobaini isome ukiwa umetulia. Inaitwa Mvua. Mchore mwanamke amevua kofia yake ya hewa, amesimama kwenye nyota ile ya barafu, kichwa amekiinua, kinywa kiko wazi. Mvua ya kwanza inyeshe. Asionekane ni wa Wachunga wala wa Wachimba. Sheria ya karata hiyo nimeiandika kwenye karatasi ya pembeni, wewe na mzee tu muione mpaka siku yake.

Nimewaambia watu wa huku kwamba siku ya pili ya Krismasi tutafanya mashindano makubwa na toleo la tatu. Wachezaji watatoka Rwamgasa na Mgusu, na dereva mmoja wa lori ameahidi kuwaleta wale wa Kahama. Donatus anaandikisha majina. Kwa hiyo nimeshasema, usinifanye mwongo.

Zipora


Nyarugusu, 25 Agosti 1996

Ignas,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu tangu nikutumie daftari. Mbili za kwanza zilikuwa na habari za Blessing na za mahindi, sizirudii. Mama naye nilimwandikia nikuulizie, akanijibu kwamba mvua bado na kwamba kuku wake wamekufa. Habari yako hakugusa hata kwa neno moja.

Daftari limefika au halikufika? Nijibu hilo tu.

Zipora


Shinyanga, 12 Septemba 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo. Daftari lilifika. Samahani kwa kimya, kazi zilikuwa nyingi. Karata zimeshachapwa. Ziko kwenye kukatwa. Vumilia kidogo.

Wasalimie shemeji na Blessing.

Ignas


Nyarugusu, 20 Oktoba 1996

Ignas,

Marahaba. Thobias anakusalimu, Blessing ameota meno.

Barua yako ina mistari mitano, nayo umeipiga kwa taipureta. Tangu lini mtu anampigia dada yake taipureta? Hiyo huandikiwa watu wanaodaiwa kodi. Nimeisoma mara nne nikitafuta mdogo wangu yuko wapi humo ndani, sikumwona. Wewe hata risiti ulikuwa huwezi kuniandikia bila kuchora kichwa cha ng'ombe pembeni.

Halafu kukata karatasi kunachukua muda gani? Darasani kwangu nina watoto tisini na mkasi mmoja, tunakata na kumaliza. Donatus ananiuliza kila Jumatatu. Haniulizi kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Walioandikishwa wamefika sitini na wanne. Mageni, yule mama anayewapikia wachimbaji ugali na dagaa, ambaye anacheza Wachunga peke yake dhidi ya wanaume wote na kuwafunga, ameshona kitambaa cha meza ya fainali chenye nyota. Kuna mtu amekukataza kuniambia kitu? Kama tumegombana niambie tumegombanaje, maana mimi sikumbuki.

Zipora


Shinyanga, 8 Novemba 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hatujagombana. Taipureta iko mezani kwangu hapa ofisini, ndiyo maana. Siku hizi nasimamia oda, sikai tena na mafundi.

Karata zitakuwapo Krismasi. Waambie wasubiri.

Ignas


Nyarugusu, 2 Desemba 1996

Ignas,

Leo sisalimu kwa urefu. Tuko hai.

Jumamosi nilinunua karanga pale kwenye mnada. Yule binti alinifungia kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe. Nikala nikitembea. Zilipokwisha nikataka kuitupa karatasi, nikaona jicho la ng'ombe linanitazama. Nikaikunjua. Ilikuwa na karata mbili nzima na nusu ya ya tatu, hazijakatwa, zimelowa mafuta. Ya juu imeandikwa: "Bibi Mlinda Barafu. Hakuna aliyemwajiri, na hakuna awezaye kumfukuza." Hayo ni maneno yangu, Ignas. Niliyaandika jikoni kwangu Juni hii, sijamwonyesha mtu hapa duniani isipokuwa wewe.

Nilirudi kwa yule binti nikamuuliza karatasi kazitoa wapi. Akasema, "Zimekuja na gari la Kahama, mwalimu. Mzigo mzima. Hata wauza maandazi wanazo."

Kwa hiyo toleo la tatu limeshafika Nyarugusu. Limefika limebeba maandazi.

Nilimwambia Donatus, maana sikuweza kumtazama nikaendelea kudanganya kwa niaba yako. Alichukua fimbo yake akaenda sokoni na mguu wake ule, akawa anaomba kwa kila muuzaji. Wenzake walipoelewa wakajiunga naye, hata wa kwenye maduara. Kwa siku mbili Nyarugusu haikubaki karanga. Tumezifuta mafuta kwa majivu na kuzikata kwa wembe. Tumepata karata thelathini na tisa. Mvua haimo. Tumetafuta hadi kwenye majalala, hakuna hata kipande chake.

Na nikuambie jambo ambalo sikukuambia, ili ujue ulichokichezea. Darasa la pili sikuliomba. Mwezi wa tano mwalimu mkuu aliniondoa darasa la saba. Wazazi walisema nawafundisha watoto kamari na mambo ya nyotani ambayo hayamo kwenye mtihani. Nilipewa nafasi ya kuandika kwamba nitaachana na karata, nirudishiwe darasa langu. Sikuandika. Nilisema hii kazi ni yangu na ya mdogo wangu, nayo itakapokamilika mtaona. Miezi saba nimeimba na wadogo "a, e, i, o, u" nikisubiri mkasi wako.

Nani aliufuta mchezo wetu, lini, na kwa nini? Niandikie kwa mkono wako. Nikiona taipureta tena sitaifungua.

Zipora


Shinyanga, 13 Desemba 1996

Dada Zipora,

Shikamoo. Nimepiga taipureta. Kama umeifungua, asante, maana sina njia nyingine.

Tarehe 29 Julai fundi wa mashine ya kukatia karatasi alikuwa mgonjwa. Karata zilikuwa zimetoka zimechapwa zote isipokuwa Mvua, ambayo niliibakiza nichore kwa utulivu kama ulivyoniagiza. Sikuweza kumsubiri fundi. Nilitaka nikate seti moja nikutumie wewe kabla mtu yeyote hajaiona. Kile kisu kinashuka kwa uzito wake. Kilichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kidole gumba hakina nguvu.

Mzee Narendra alinibeba mwenyewe kwenye gari lake. Mama Bhanumati aliniletea uji hospitali wiki tatu. Mama yetu anajua, alikuja. Nilimwapisha asikuambie. Usimkasirikie, alilia akiniomba nimwache aseme.

Nilipotoka, mzee aliniambia, "Ignas, tumwite Makoye anayechora mabango achore hiyo moja, tutoe." Nikakataa. Akasema, "Basi tutoe thelathini na tisa." Nikakataa hilo pia. Nilimwambia hakuna mwisho bila Mvua, na Mvua naichora mimi. Nikaanza kujifunza mkono wa kushoto. Akanisubiri Agosti. Akanisubiri Septemba yote. Kila nilipomchora yule mwanamke alitoka kama gunia lililofungwa shingo. Tarehe 3 Oktoba, oda za kalenda zilikuwa zimejaa na karatasi zetu zimeziba stoo, akaniita. Alisema anaufuta mchezo. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mimi ningeutoa. Wewe ndiye hukutaka."

Hilo ndilo sikuweza kukuandikia. Vidole ningekuambia hatimaye. Lakini ungeniuliza kwa nini Makoye hakuchora, nami sikuwa na jibu zaidi ya kwamba sikutaka mkono wa mtu mwingine uwemo. Karatasi ziliuzwa kwa kilo mimi nikiwa palepale naandika oda za kalenda. Novemba nilipokuambia Krismasi, nilikuwa bado nadhani labda kufikia wakati huo mkono utakuwa umekubali. Mpaka leo haujakubali.

Habari za darasa lako la saba sikuzijua. Ningezijua ningemwita Makoye siku ileile. Au labda nasema hivi sasa kwa kuwa haigharimu kitu.

Ignas


Nyarugusu, 6 Januari 1997

Mdogo wangu Ignas,

Marahaba. Mwaka umetukuta wazima. Thobias alichinja mbuzi, Blessing amekula mpaka akaugua.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama posta, nikaketi chini pale pale kwenye ngazi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali sana, Ignas, nilikuwa nayo hata usingizini. Mengine bado ninayo. Nimekasirika kwamba ulilala hospitali wiki tatu mimi nikikuandikia habari za mahindi. Nimekasirika kwamba mama alifika na mimi sikufika. Na la Makoye nimelikasirikia kuliko yote, kwa sababu nikijiuliza kama ningekuwa wewe ningemwita, najua nisingemwita. Mimi nami nilikataa kuandika karatasi moja nirudishiwe darasa langu. Baba alizaa wabishi wawili, akabaki na tumbaku.

Mashindano yalifanyika. Walikuja sabini na mmoja. Nilitaka kuyaahirisha, Donatus akasema watu wa Kahama wameshapanda lori. Wakacheza na zile zenye mafuta, kwenye kitambaa cha Mageni. Fainali wakabaki Donatus wa Wachimba na Mageni wa Wachunga, kila mmoja kisima chake kimebakiza tone moja kujaa. Hapo ndipo Mvua ilipotakiwa, na haikuwapo.

Nikasimama nikawaambia ukweli. Kwamba mchezo umefutwa, hakuna toleo lingine, na kwamba mchoraji amepoteza vidole akiwakatia ninyi karata. Wengi wao hapa wamewahi kupoteza kitu kwenye mwamba. Kisha Donatus akaniuliza, "Pole kwake, mwalimu. Lakini wewe ndiye uliyeandika. Maji aliyapata nani?"

Nikawasomea sheria ya karata: atakayeitupa Mvua atamimina nusu ya maji yake kwenye kisima cha mwenzake, na vita vimekwisha.

Ignas, nilidhani watapiga makofi. Nilikuwa nimeupenda ule mwisho kwa miezi sita.

Donatus alisema, "Yaani nichimbe barafu mwaka mzima, halafu nimgawie mtu mwenye ng'ombe?"

Mageni akamjibu, "Na shimo lako uliliacha wazi kwenye njia ya ng'ombe wangu. Nani alikuruhusu kuchimba pale?"

"Nilipewa na Bibi Mlinda Barafu."

"Bibi hajaajiriwa na mtu. Anatoa nini?"

Basi wakaanza. Wa Rwamgasa wakasema mwisho ule ni wa kanisani. Wa Kahama wakasema ni wa haki ila nusu ni nyingi, iwe robo. Mzee mmoja mwenye ng'ombe zake za kweli, ambaye hajawahi kushika karata, alitoka kwenye kilabu akaja kutetea Wachunga. Mimi nilijaribu kueleza nilichokusudia, wakaniambia nikae, nimeshaandika ya kwangu. Waliondoka jua linazama bila mshindi, na Jumatatu walikuwa tena juu ya mawe wanabishana palepale walipoachia. Hakuna anayeuliza tena karata itakuja lini.

Kwa hiyo nimekubali kwamba mchezo umefutwa. Mwambie mzee Narendra sina kinyongo naye, na mama Bhanumati nitamshukuru nikija. Darasa la saba sijarudishiwa, na sijaandika ile karatasi.

Wewe njoo Pasaka. Usije na kalamu, wala usiniletee mchoro wa kuniomba radhi, na mkono usiufiche mfukoni utakapokuwa mbele ya Blessing, nimeshamwambia. Donatus na Mageni wanasema yule mwanamke wa kwenye Mvua lazima alikuwa na upande wake, na anayeujua ni mchoraji. Nimewaambia hana upande, hawaniamini. Njoo uwajibu mwenyewe, mimi nimechoka kutukanwa peke yangu.

Dada yako,
Zipora